Biashara ni Matangazo? Makampuni ya Simu na Jibu la Mteja Kaskazini ya Cabo Delgado

Waswahili tuna semi mbili kuhusu biashara ambazo hazipatani. Mmoja unasema kwamba biashara ni matangazo. Mwingine unasema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanafunzi wetu huzitumia zote mbili katika insha zao, pengine katika aya moja, bila kujiuliza ni upi wenye ukweli. Katika makala haya tunakusudia kuzipima semi hizo kwa historia ya karibu: ushindani wa makampuni ya simu za mkononi nchini Msumbiji, hasa kama unavyotazamwa kutoka Diaca, katika nchi iliyo nyuma ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tunalenga kuonyesha kwamba tangazo ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu ya pili ni jibu la mteja, na jibu hilo limehifadhiwa zaidi katika lugha na mazoea ya watu kuliko katika mabango ya makampuni.

Kompyuta zilizogombana mbali

Anayetaka kueleza ushindani wa matangazo ya vyombo vya kisasa kwa kawaida huanzia Marekani. Tarehe 22 Januari 1984, wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani, kampuni ya Apple ilionyesha katika televisheni tangazo lililoitwa "1984". Msichana anakimbia ndani ya ukumbi wa watu waliokaa kama mateka, anarusha nyundo, na kioo kikubwa chenye uso wa mtawala kinapasuka. Jina la mshindani halikutajwa, lakini watazamaji wengi walielewa kwamba mtawala huyo ni IBM. Siku mbili baadaye kompyuta ya Macintosh ikaanza kuuzwa kwa dola 2,495.

Tangazo lilisifiwa mno, na hadi leo hufundishwa katika vyuo vya biashara. Wanunuzi, hata hivyo, hawakufuata sifa hizo kwa muda mrefu. Baada ya miezi ya kwanza mauzo yalipungua, na kompyuta za aina ya IBM zikaendelea kutawala maofisini. Miaka ishirini na miwili baadaye, kati ya 2006 na 2009, Apple ilirudi na mfululizo wa matangazo ambamo kijana mchangamfu alijiita Mac na mtu wa ofisini mwenye suti akajiita PC. Mwaka 2008 Microsoft ilijibu kwa kuwaonyesha watu wa kazi mbalimbali, kila mmoja akitamka kwa fahari kwamba yeye ndiye PC. Hapo mteja mwenyewe alikuwa amegeuzwa kuwa tangazo.

Ushindani huo uliikaribia lugha yetu mara moja kwa namna ya wazi. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kutoa programu zake kwa Kiswahili, na Desemba ya mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili isiyolipiwa. Walimu wa Kiswahili tulipata mijadala mizuri ya istilahi. Watumiaji wengi, kwa upande wao, waliendelea kufungua kompyuta zao kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa na ndivyo mafundi wao walivyozijua. Hata katika mfano huu mdogo tunaona mteja akitoa jibu ambalo halikuwamo katika hotuba za uzinduzi.

Lakini mwaka ule wa 1984 Msumbiji ilikuwa vitani. Mkataba wa Nkomati kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini ulitiwa saini tarehe 16 Machi mwaka huo, na mapigano kati ya serikali na Renamo hayakukoma hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Nyundo ya Apple haikusikika Cabo Delgado. Kwa wananchi walio wengi huko, kama ilivyokuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, chombo cha kwanza cha aina ya kompyuta walichokimiliki wenyewe kilikuwa simu ya mkononi. Kwa hiyo makampuni yaliyogombania macho na mifuko yao yalikuwa makampuni ya simu.

Diaca na lugha zake

Diaca ni makao ya tarafa moja ya wilaya ya Mocímboa da Praia. Iko kwenye barabara itokayo pwani kwenda Mueda, mbele ya Awasse kwa msafiri anayeelekea uwanda wa juu wa Wamakonde. Barabara hiyo inaunganisha dunia mbili: pwani ya Wamwani, yenye majahazi, samaki na madrasa, na bara ya Wamakonde, yenye mashamba na kumbukumbu ya vita vya ukombozi.

Mtu wa eneo hili hukutana na lugha kadhaa katika shughuli zake: Kimakonde nyumbani, Kimwani sokoni na pwani, Kimakua kwa majirani wa kusini, Kireno shuleni na ofisini, na Kiswahili kwa yote yanayovuka mto Ruvuma. Wamakonde wengi walifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi ya ukoloni. Baadaye vita vya FRELIMO, vilivyoanza Septemba 1964, viliendeshwa kutoka Tanzania, na wapiganaji wengi walijifunza Kiswahili kambini. Kwa sababu hizo Kiswahili si lugha ya kigeni katika njia hii, ingawa si lugha rasmi ya nchi.

Tunayataja haya kwa kuwa kila tangazo huchagua lugha, na kwa kuchagua lugha huchagua mtu wa kusema naye.

Njano, buluu, nyekundu na chungwa

Simu za mkononi ziliingia Msumbiji mwaka 1997 kupitia mCel, iliyoanzishwa chini ya shirika la simu la taifa, TDM. Kwa miaka sita mCel ilikuwa peke yake sokoni. Desemba 2003 Vodacom ikaanza kazi, na hapo ndipo matangazo yalipogeuka kuwa mashindano.

Uwanja wa mashindano hayo ulikuwa kuta. Kwa wasiosafiri Msumbiji miaka hiyo si rahisi kuamini kiasi cha rangi kilichotumika. Maduka, vibanda, kuta za nyua na hata nyumba za watu zilipakwa njano ya mCel au buluu ya Vodacom kutoka msingi hadi paa, nembo ikiwa katikati. Mwenye nyumba alipata rangi mpya, kampuni ikapata bango lisilong'olewa na upepo. Mwaka 2011 kundi la Vodacom lilianza kuacha buluu na kuvaa nyekundu ya Vodafone, na kuta nyingi zikalazimika kupakwa upya. Mei 2012 ikaja Movitel, iliyoundwa kwa ubia na kampuni ya Viettel ya Vietnam, ikiwa na rangi ya chungwa.

Movitel ilileta mkakati tofauti na wa wenzake. Makampuni mawili ya kwanza yalikuwa yameanzia mijini na kutoka polepole kuelekea vijijini. Movitel ilitandaza maelfu ya kilomita za nyaya za mawasiliano na kusimamisha minara mashambani kabla ya kufungua milango, kisha ikawatumia mawakala wa vijijini kuuza laini na simu za bei nafuu. Mbinu hiyohiyo Viettel iliitumia Tanzania ilipoanzisha Halotel mwaka 2015. Kwa kampuni ya namna hii mnara wenyewe ulikuwa tangazo. Mkulima anayeuona kutoka shambani kwake hahitaji kuambiwa kwa maneno kwamba mtandao umefika.

Matokeo yake yanajulikana. mCel, iliyotangulia wengine wote na ambayo rangi yake ilienea nchi nzima, ilipoteza nafasi ya kwanza. Iliunganishwa na TDM na kuwa Tmcel mwishoni mwa miaka ya 2010, ikiwa nyuma ya washindani wake wawili. Wingi wa kuta za njano haukuiokoa.

Tangazo lilisema lugha gani?

Matangazo hayo, kwa sehemu kubwa, yalisema Kireno. Kauli mbiu maarufu ya mCel ilikuwa "Estamos juntos", yaani tuko pamoja. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu wananchi wa Msumbiji walikwisha kuyatumia maneno hayo wanapoagana. Kampuni ilichukua salamu ya watu, ikaipaka njano na kuwarudishia kama mali yake. Ni mbinu ileile tuionayo kwetu: Safaricom ya Kenya ilipoita huduma yake ya kukopesha muda wa maongezi Okoa Jahazi, au Airtel ya Tanzania ilipoita vifurushi vyake Yatosha, zilikuwa zikivuna katika shamba la lugha ambalo hazikulilima.

Kireno cha mabango kiliacha maneno yake. Msumbiji wanasema "crédito" pale ambapo Mtanzania anasema vocha au muda wa maongezi, "saldo" pale ambapo anasema salio, na "megas" pale ambapo anasema MB au bando. Msafiri anayevuka Ruvuma hubadilisha laini na msamiati kwa wakati mmoja. Kwa mwalimu wa Kiswahili hili ni jambo la kuzingatiwa: mpaka uliochorwa na wakoloni katika karne ya kumi na tisa umepata sura mpya katika menyu za simu.

Lakini tuangalie pia mwendo wa kinyume. Mwaka 2013 Vodacom ilianzisha Msumbiji huduma ya kutuma fedha kwa simu, na jina lake halikutafsiriwa kwa Kireno. Iliitwa M-Pesa, kama ilivyoitwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa mkazi wa Maputo, pesa lilikuwa jina tu la bidhaa. Kwa mtu wa njia ya Mocímboa da Praia na Mueda aliyezoea Kiswahili, lilikuwa neno lenye maana kamili. Baada ya miaka mingi ya mabango ya Kireno, neno la biashara ya Bahari ya Hindi liliingia nchi nzima likiwa limevaa nembo ya kampuni.

Jibu la mteja

Sasa tuje kwenye upande ambao historia za makampuni huuruka. Wateja walijibu nini?

Jibu la kwanza lilikuwa kubipu. Makampuni yalitangaza bei ya kupiga simu. Mteja akagundua simu isiyo na bei. Anapiga, anaacha ilie mara moja, anakata. Mwenye uwezo atapiga. Neno hilo lilienea Afrika Mashariki yote, na Msumbiji nako "bip" ikawa neno la kila siku. Hakuna bango lililowafundisha watu kubipu. Watu waliibuni wenyewe pamoja na adabu zake: nani humbipu nani, mara ngapi, na kwa jambo gani. Makampuni hayakuweza kuizuia, hivyo yakaigeuza bidhaa. Mwaka 2001 Vodacom ya Afrika ya Kusini ilianzisha ujumbe wa bure wa kumwomba mwenzio akupigie, na Tanzania tukaujua kama "tafadhali nipigie".

Jibu la pili lilikuwa na uzito zaidi. Katika nchi kadhaa za Afrika watu walianza kutumiana namba za vocha badala ya fedha taslimu. Ndugu aliye mjini ananunua vocha, anatuma namba zake kwa ujumbe, na ndugu wa kijijini anaiuza kwa jirani na kupata fedha. Watafiti waliiona desturi hiyo, na mwaka 2004 mCel ya Msumbiji ikawa kampuni ya mwanzo kuwaruhusu wateja wake rasmi kuhamishiana salio. Mwaka uliofuata Safaricom ikaleta Sambaza, na mwaka 2007 ikazaliwa M-Pesa. Hivyo huduma iliyorudi Msumbiji mwaka 2013 na mabango mekundu ilikuwa na mizizi katika ujanja wa wateja wa kawaida, wakiwemo wa Msumbiji wenyewe. Matangazo yaliieleza kama zawadi ya kampuni kwa umma. Historia inaonyesha kwamba umma ndio uliotangulia.

Jibu la tatu halikutarajiwa kabisa. Ujumbe mfupi ulikuwa umetangazwa kama njia nafuu ya vijana kupiga soga. Tarehe 1 na 2 Septemba 2010, wakazi wa Maputo na vitongoji vyake waliutumia kuitana mitaani kupinga kupanda kwa bei ya mkate, umeme na maji. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Siku chache baadaye ujumbe mfupi wa wateja wa malipo ya kabla ulizimwa kwa muda, na katikati ya mwezi huohuo serikali ikaamuru laini zote zisajiliwe. Kutoka hapo kila mnunuzi wa laini nchini, hata yule wa Diaca aliye mbali mno na Maputo, alitakiwa kuonyesha kitambulisho. Mteja alikuwa amejibu kwa sauti kubwa, na serikali nayo ikamjibu.

Jibu la nne lilikuwa kutochagua. Simu za laini mbili zilipoenea, watu wengi waliacha kuwa wa njano au wa nyekundu. Walibeba laini mbili au tatu na kupiga kwa ile iliyo rahisi saa hiyo. Mtu mwenye kaka Mueda, binti Pemba na shangazi Mtwara haangalii bango kwanza. Anauliza: wao wako mtandao gani, na hapa ni upi unaoshika? Jambo hili si la Msumbiji peke yake. Agosti 2010 Zain ya Kenya ilipunguza bei ya kupiga simu kwa nusu, kutoka shilingi 6 hadi 3, kwa matangazo makubwa. Wateja walifurahia bei, lakini Safaricom haikukimbiwa, kwa kuwa jamaa na fedha za watu walikuwa huko. Aprili 2011 Wakenya waliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, waliohama walikuwa wachache.

Mnara ulipozimika

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa kumsifu mteja mwerevu. Lakini historia ya Diaca haituruhusu. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na vita vipya vikaanza. Tarehe 12 Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na haukukombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda hadi tarehe 8 Agosti 2021. Kituo cha kusambaza umeme cha Awasse kiliharibiwa mwaka 2020, na wilaya za kaskazini zikakaa gizani kwa muda mrefu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na jamaa waliokuwa mbali wakakaa siku kadhaa bila kujua nani yu hai. Kufikia mwaka huo zaidi ya watu 700,000 wa Cabo Delgado walikuwa wameyahama makazi yao.

Katika hali hiyo maneno "tuko pamoja" hupimwa kwa kipimo kikali. Anayemtafuta mama yake aliyekimbilia porini hajali rangi ya nembo. Anataka mlio mmoja tu wa upande wa pili. Bipu, ambayo zamani ilikuwa hila ya asiye na salio, ikatosha kuwa habari njema: namba inaita, basi simu ina chaji, basi huenda mwenyewe yuko salama. Na fedha iliyotumwa kwa simu, pale mnara uliposimama, ilimfikia mkimbizi asiye na anwani.

Hapa tunaona udhaifu wa semi zote mbili tulizoanza nazo. Biashara si matangazo peke yake, maana kuta za njano hazikuiokoa mCel. Wala kizuri hakijiuzi chenyewe, maana mnara bora hauna thamani kwa mtu ambaye hajui kwamba upo, hana umeme wa kuchaji wala salio la kupiga. Kati ya tangazo na bidhaa kuna watu, na watu hao huichukua bidhaa na kuitumia kwa haja zao, zikiwemo haja ambazo mtunga tangazo hakuziota.

Kwa walimu wenzetu

Matangazo yamekuwa sehemu ya mafunzo ya Kiswahili kwa muda mrefu. Kwa kawaida tunawaagiza wanafunzi watambue takriri, tashihisi, msimbo mchanganyiko na mbinu za kushawishi. Kazi hiyo ni ya lazima, na hatupendekezi iachwe. Tunapendekeza iongezewe swali moja: wateja walijibu nini?

Swali hilo litawatoa wanafunzi darasani. Watakusanya maneno mawili mawili, la kampuni na la mtaani, kama kifurushi na bando, na kuuliza kwa nini la pili limeshinda. Watawahoji wazazi wao kuhusu adabu za kubipu kabla hazijasahauliwa, kwa maana kizazi kinachotuma ujumbe wa sauti kupitia intaneti hakizijui tena. Na wale wanaotoka pande za Ruvuma, wa ng'ambo hii na ile, wataweza kutuonyesha jinsi mtu mmoja anavyosema vocha asubuhi na "crédito" jioni bila kuona kwamba amevuka chochote.

Mabango hufifia na kupakwa rangi nyingine. Maneno waliyoyatunga wateja bado yamo vinywani mwa watu, na kuyaandika ni kazi yetu.